Dripu ya Kasi na Ushahidi Uliotoka Kilifi

Mgonjwa akifikishwa hospitali hapa Mombasa akiwa mahututi, jamaa zake wanaobaki kwenye benchi huuliza jambo moja kabla ya mengine yote: "Sista, ametundikiwa maji?" Akijibiwa bado, nyuso hubadilika. Kwetu, chupa inayoning'inia juu ya kitanda ndiyo alama kwamba matibabu yameanza. Na si jamaa peke yao. Vizazi vya madaktari na matabibu vimefundishwa kwamba mgonjwa aliyeingia kwenye mshtuko, yaani mwenye mikono na miguu baridi, mapigo ya haraka na dhaifu, presha inayoporomoka, amiminiwe maji ya chumvi mshipani, mengi na upesi, mengine yafuate.

Ushahidi mzito kuliko wote wa kuhoji zoea hilo haukutoka London wala Boston. Ulikusanywa kwa sehemu kubwa Afrika Mashariki, na kimoja cha vituo vyake ni Kilifi, kama kilomita 60 kutoka hapa. Mimi nauona kuwa ushahidi wa kuaminika, unaostahili kuongoza wadi zetu za watoto. Lakini wapo wanaoupinga kwa hoja nzito, na wapo wanaoukubali kupita kiasi, na hao wa pili wananitia hofu kuliko wa kwanza.

Utafiti wenyewe unaitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Watoto 3141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vyema viungoni waliandikishwa Kenya, Uganda na Tanzania. Upande wa Tanzania kituo kilikuwa Muheza, mkoani Tanga, jirani zetu wa ng'ambo ya Lungalunga. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilimiminiwa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, kwa kasi, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito. La pili maji ya chumvi kwa kiasi hicho hicho. La tatu halikumiminiwa chochote kwa kasi. Lilipewa maji ya kawaida ya polepole. Makundi yote yalipata antibiotiki, dawa za malaria, oksijeni, na damu kwa waliopungukiwa nayo sana.

Baada ya saa 48, waliofariki walikuwa asilimia 10.6 katika kundi la albumini, asilimia 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 katika kundi la polepole. Kwa kila watoto 100 waliomiminiwa maji ya kasi, takriban watatu zaidi walikufa. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilisimamisha uandikishaji kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia, ingawa wengi walikuwa wakitarajia utafiti huo uonyeshe kinyume chake.

Kuna jambo ndani ya takwimu hizo ambalo kila anayefanya kazi wadini angepaswa kulitafakari. Saa moja baada ya kuanza matibabu, watoto waliomiminiwa maji ndio waliokuwa wamepata nafuu zaidi kwa macho. Dalili za mshtuko zilikuwa zimetoweka kwa asilimia 43 yao, ikilinganishwa na asilimia 32 ya wale wa polepole. Daktari aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba dripu imefanya kazi. Vifo vya ziada vilikuja baadaye. Hii ndiyo sababu hoja ya "mimi nimewaona wakipona kwa macho yangu" hainishawishi. Aliyeona hakudanganya, ila alichokiona ni saa ya kwanza tu, na zamu yake iliisha kabla ya mengine.

Wapinzani walijitokeza mara moja, wengi wao kutoka nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi katika kila hospitali kubwa. Walisema zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na malaria, ugonjwa ambao mshtuko wake haufanani na ule wa bakteria. Walisema karibu theluthi moja walikuwa na upungufu mkubwa wa damu, na kumwongezea maji mtoto kama huyo ni kuizimua damu kidogo aliyobaki nayo. Walisema tafsiri ya mshtuko iliyotumika ilikuwa pana mno. Na juu ya yote, hapakuwa na mashine za kupumulia za kumwokoa mtoto ambaye mapafu yangejaa maji.

Hoja hizi si za kupuuzwa, na watafiti walizijibu kwa takwimu. Madhara yalionekana kwa waliokuwa na malaria na wasiokuwa nayo, kwa waliopungukiwa na damu na wasiopungukiwa. Katika kikundi kidogo cha watoto 65 waliotimiza masharti makali ya mshtuko ya Shirika la Afya Duniani, walikufa 24 kati ya 50 waliomiminiwa maji na 3 kati ya 15 wasiomiminiwa. Ni wachache mno kuwa hukumu ya mwisho, lakini upande wanaoegemea ni ule ule. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha pia kwamba vifo vingi vya ziada havikutokana na mapafu kujaa maji bali na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Kwa hiyo ile kauli kwamba mashine ya kupumulia ingewaokoa imepoteza uzito mwingi.

Hoja ya mashine ina udhaifu mwingine pia. Hata tukikubali kwamba matokeo yangekuwa tofauti penye chumba cha mahututi, hilo linamsaidia nani hapa? Mtoto anayeletwa na mamake kutoka Likoni usiku, akavushwa kwa feri, akapokelewa kwenye wadi yenye muuguzi mmoja na vitanda vilivyojaa, hatibiwi katika hospitali ya kufikirika. Anatibiwa katika mazingira yale yale ambamo utafiti ulifanyika. Nadra sana utafiti mkubwa wa tiba ya dharura kufanana na wadi zetu kiasi hiki, na ni ajabu kwamba kufanana huko ndiko kulikotumiwa kuupunguzia thamani.

Mipaka yake nayo inabidi isemwe waziwazi, maana hapa ndipo makosa ya upande wa pili huzaliwa. FEAST haikuandikisha watoto wanaoharisha na kutapika. Haikuandikisha wenye utapiamlo mkali, walioungua moto, wala waliojeruhiwa na kuvuja damu. Watoto ambao presha yao ilikuwa imeanguka kabisa waliwekwa kando, 29 tu, na wote walimiminiwa maji, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwaacha bila. Sasa sikia mtu anasema, "Utafiti ulionyesha maji yanaua." Kauli hiyo, ikifika mji wa pwani ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, inaweza kuua kuliko dripu yoyote. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekaukiwa, macho yameingia ndani na ngozi ikibanwa hairudi, anahitaji maji mengi na kwa haraka, na hakuna utafiti uliosema vinginevyo. Kijana aliyepondwa mguu kwenye ajali ya bodaboda anahitaji kuzuiwa kuvuja na kuongezwa damu. Yeye hamo kabisa katika mjadala huu.

Kwa watu wazima hadithi ina mikunjo zaidi. Mwaka 2001 Emanuel Rivers na wenzake wa Detroit walichapisha utafiti wa wagonjwa 263 wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima. Waliotibiwa kwa mpango mkali wa saa sita za mwanzo, ukiwemo wa kujaza maji hadi kufikia vipimo maalumu, walikufa asilimia 30.5, waliotibiwa kama kawaida walikufa asilimia 46.5. Dunia nzima ilifuata. Kisha zikaja tafiti tatu kubwa, ProCESS ya Marekani na ARISE iliyoongozwa kutoka Australia mwaka 2014, na ProMISe ya Uingereza mwaka 2015, na hakuna hata moja iliyoona tofauti ya vifo. Wanaotetea mpango wa Rivers husema matibabu ya kawaida yenyewe yalikuwa yamekwisha kuboreka kwa sababu yake. Huenda ni kweli kwa huko.

Huku kwetu tuna jibu la karibu zaidi, na ni zito. Pale hospitali ya chuo kikuu ya Lusaka, Zambia, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini waligawanywa, wengi mno wakiwa wanaishi na virusi vya ukimwi. Kundi moja lilifuata mpango wa maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha presha. Jingine lilitibiwa kwa uamuzi wa daktari. Ndani ya saa sita la kwanza lilikuwa limepata takriban lita 3.5, la pili lita 2. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa asilimia 48.1 ya vifo kwa waliopewa mengi, na asilimia 33.0 kwa wengine.

Weka hapo pembeni tafiti mbili za nchi tajiri: CLASSIC ya Ulaya ya mwaka 2022 na CLOVERS ya Marekani ya mwaka 2023, kila moja ikiwa na wagonjwa zaidi ya 1500. Zote zililinganisha maji kidogo na maji mengi, na vifo vilikaribia kulingana. Mtu anaweza kusema basi haijalishi. Mimi sisomi hivyo. Wagonjwa wale walikuwa wameshapata maji ya awali kabla ya kugawanywa, na waliangaliwa saa baada ya saa na watu wenye vifaa vya kurekebisha kosa. Penye ulinzi huo, kiasi cha maji kinaweza kupanda na kushuka bila maafa. Lusaka inaonyesha kinachoweza kutokea ulinzi huo unapokosekana.

Miongozo imeanza kusogea. Ule wa kimataifa wa sepsisi, ambao ulikuwa ukiagiza kwa mkazo mililita 30 kwa kilo kwa watu wazima, ulishusha agizo hilo mwaka 2021 likawa pendekezo tu. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilisema mwenye baadhi tu ya dalili asimiminiwe kwa kasi, na mwenye dalili zote za mshtuko apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60. Hatua nzuri, japo naona ingefaa kuanza na kile kiwango cha chini na kwenda nacho polepole, kwa sababu wale watoto 65 hawanipi ujasiri wa zaidi.

Kuna upande ambao sisi tunaohubiri tahadhari hatupendi kuuzungumzia. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, wagonjwa karibu 20,000. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na asilimia 69 ya mahututi hao walilazwa kwenye wadi za kawaida. Kati ya waliokuwa na hitilafu ya mzunguko wa damu, asilimia 54 tu ndio waliokuwa wakipewa maji ya mshipa au dawa ya kupandisha presha. Kati ya walioshindwa kupumua vyema, asilimia 48 tu walikuwa na oksijeni. Basi tunabishana kuhusu kasi ya dripu huku karibu nusu ya wanaoihitaji hawana dripu yoyote. Daktari anayesema tahadhari imegeuzwa kuwa kisingizio cha kutofanya lolote ana haki ya kusikilizwa, maana katika FEAST hata kundi la polepole lilihudumiwa: lilikuwa na maji, dawa, oksijeni, damu, na mtu wa kurudi kitandani kuangalia tena.

Huko kurudi kitandani ndiko kunakogharimu. Kifaa chenyewe hakigharimu: bonyeza ncha ya kidole, achia, hesabu sekunde hadi rangi irudi. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa Amerika Kusini, wagonjwa 424, mwaka 2019, ulilinganisha kipimo hicho cha kidole na kipimo cha maabara cha laktati, asidi inayopanda damuni mzunguko wa damu unapodhoofika, katika kuamua nani aongezewe maji. Waliofuatwa kwa kidole walikufa asilimia 34.9, waliofuatwa kwa maabara asilimia 43.4. Kitakwimu tofauti hiyo haikufika pa kuthibitika, lakini inatosha kuniambia kwamba hospitali ndogo isiyo na laktati haijafungiwa mlango wa tiba makini. Kinachohitajika ni muuguzi mwenye nafasi ya kurudi baada ya nusu saa, na muuguzi huyo huajiriwa kwa bajeti ya kaunti.

Wanaosema tafiti za aina hii haziwezekani kwetu wamejibiwa tena hivi karibuni. Utafiti wa SONIA ulioandikisha wagonjwa 2180 wa nimonia katika hospitali 18 za Kenya ulichapishwa mwaka 2025: walioongezewa stiroidi kwa dozi ndogo walikufa asilimia 22.6, wasioongezewa asilimia 26.0. Swali la kiasi gani cha maji apewe mtu mzima mwenye sepsisi katika wadi ya kawaida lingeweza kujibiwa kwa njia hiyo hiyo, katika hospitali hizo hizo, na Mombasa ikiwemo.

Hadi hapo, jamaa walioko kwenye benchi nao wana haki ya maelezo. Nyanya anayeuliza mbona mjukuu wake hajamiminiwa maji haulizi kwa ujinga; anauliza kwa kile alichofundishwa na hospitali zenyewe kwa miaka. Aambiwe mtoto amepewa dawa ya malaria saa ngapi, anapewa maji kidogo kidogo kwa sababu moyo wake umechoka, na kwamba atapimwa tena baada ya nusu saa. Kisha apimwe kweli.