Skripti ianze, mtu amalizie: kwa njia ipi?

Zipo programu za amri ambazo kila ukizifungua unarudia mistari ileile kabla kazi yenyewe haijaanza: kuingia kwenye folda fulani, kufungua hifadhidata, kuweka mipangilio. Ni haki kutaka skripti iandike hayo, kisha ikuachie kibodi. Ubishi uko kwenye makabidhiano.

Njia ya mkato ni paipu, alama `|` inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye nyingine: `(cat amri.txt; cat) | programu`. `cat` ya kwanza humwaga faili, ya pili hupitisha unachoandika. Huhitaji kusakinisha chochote, na kwa programu nyepesi inatosha. Lakini programu nyingi zikigundua kuwa hazisomi kutoka kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) hubadili tabia: alama ya kusubiri amri hupotea, vitufe vya mshale havirudishi amri zilizopita. Nenosiri la SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ndilo halipiti humo kabisa, maana SSH hulisoma kwenye terminali moja kwa moja.

Hapo watetezi wa Expect, zana ya kuendesha programu nyingine kwa niaba ya mtu, wana hoja. Don Libes aliiandika mwaka 1990 juu ya lugha ya Tcl. Huunda terminali bandia, programu ya upande wa pili ikadhani inaongea na mtu. `spawn` huianzisha, `expect` husubiri maandishi fulani, `send` hujibu, `interact` hukukabidhi usukani. Kazi safi. Tatizo, yote hayo yanategemea maandishi ya skrini. Muda wa kusubiri ukiisha, ambao usipobadilishwa ni sekunde 10, `expect` isiyopewa maelekezo hailalamiki. Skripti inaendelea tu na mstari unaofuata. Seva ikichelewa kidogo, amri ya kufuta inaweza kutumwa mahali pasipo pake. Wengine huandika hata nenosiri ndani ya skripti, na hilo sioni wa kulitetea.

Mimi ningeanza na mwongozo wa programu yenyewe. `python -i`, `gdb -x`, `sqlite3 -init`, `bash --rcfile`: zote hupokea faili la maandalizi kisha hukuachia uwanja, bila kubahatisha. (Hiyo ya mwisho husoma faili lako badala ya `.bashrc`, faili la mipangilio ya kawaida ya Bash, kwa hiyo ukiihitaji `.bashrc` iite ndani ya faili lako kwa `source`.) Expect ningeibakizia programu zisizo na nafasi hiyo, na kila hatua ningeipa tawi la `timeout` linalosimamisha skripti papo hapo.