Pikipiki za umeme za wainjilisti: hoja ya mzee, hoja ya vijana, na maji tuliyoyasahau

Ajenda ilikuwa ndogo tu. Pikipiki mbili za wainjilisti wetu zimechoka, moja inakula oili kila wiki, na usharika umechanga hela ya kununua nyingine. Ndo dada mmoja wa umoja wa vijana akasimama akasema jamani kwa nini tusinunue za umeme, kutunza mazingira ni agizo la Mungu na petroli inatumaliza. Hapo kikao kikabadilika. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, yeye ndo alinifundisha kipaimara, akajibu kwamba haya mambo ya tabianchi na magari ya umeme ni ajenda ya wazungu, dunia hii imewekewa moto, akafungua 2 Petro 3:10 akasoma pale panaposema nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea, akakaa. Tukafunga kwa sala bila kuamua chochote.

Nimekaa na hili jambo wiki tatu sasa. Naona mzee ameshika kitu cha kweli, na yule dada ameshika kitu cha kweli, ila wote wawili wameruka kitu kikubwa ambacho kiko hapa hapa kwetu Mbeya, nyanda za juu kusini.

Nianze na mzee maana kuna watu wanamwona hajasoma, na sio kweli. Hoja yake ina mizizi. Kule Marekani kuna Wakristo wa kiinjili wanaosema hivo hivo kwa miaka mingi, kikundi cha Cornwall Alliance kwa mfano, wao wanasema Mungu ameumba dunia imara, haitavunjika kirahisi kwa moshi wa binadamu, na kwamba ukimnyima maskini nishati ya bei rahisi kwa kuogopa hali ya hewa ya miaka mia ijayo unamuumiza leo. Wanapenda pia Mwanzo 8:22, ile ahadi baada ya gharika kwamba kupanda na kuvuna, baridi na joto, havitakoma. Na wapo wanaoogopa kwamba mtu akianza kuhubiri miti na mito ataishia kuabudu viumbe badala ya Muumba. Hofu hiyo sio ya kudharau, babu zetu waliombea kwenye misitu na wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 hilo lilikuwa jambo zito.

Lakini mzee wangu alisimama kwenye mstari wa 10. Ukiendelea wa 11 Petro mwenyewe anauliza, kwa kuwa vitu hivi vyote vitafumuliwa hivo, ninyi imewapasa kuwa watu wa tabia gani? Yaani kwa Petro ule moto ni sababu ya kuishi vizuri zaidi, sio ruhusa ya kuacha. Na mzee huyo huyo miaka miwili iliyopita alipanda parachichi ekari nzima, miche ambayo inataka miaka kadhaa ndo uone hela ya maana, kwaiyo moyoni anaamini kesho ipo na inahitaji kuandaliwa. Na ile ahadi ya Mwanzo 8 inasema majira hayatakoma, haisemi kwamba mvua ya Novemba itakuja Novemba hata tukifanya nini. Mungu ameahidi mavuno na bado tunashika jembe.

Upande wa yule dada nao una watu wazito. Papa Fransisko aliandika waraka wa Laudato Si' wa kutunza mazingira mwaka 2015, akaurudia mwaka 2023 kwa Laudate Deum kwa uchungu zaidi, na Desemba 2024 Vatikano ikapokea gari la papa linalotumia umeme kutoka Mercedes-Benz. Waprotestanti nao, Katharine Hayhoe ni mwanasayansi wa hali ya hewa na ni Mkristo wa kiinjili, anazunguka makanisani kueleza. Na kwetu Tanzania sio ngeni, Askofu Fredrick Shoo wa KKKT kule Kilimanjaro watu walimwita askofu wa miti kabla hata wengi wetu hatujasikia neno tabianchi. Kibiblia wanasimama kwenye Mwanzo 2:15, Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, maneno mawili sio moja, na Zaburi 24 kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, maana yake sisi ni wasimamizi tu, na msimamizi huwa anaulizwa hesabu.

Hapo mimi niko na dada kabisa. Ila kutoka "tunza bustani" mpaka "nunua pikipiki ya umeme" kuna hatua nyingi katikati na hizo hatua ndo hakuzisema.

Hesabu kwanza maana kanisa ni sadaka za watu. Pikipiki ya petroli inayotumika huku inakula kama lita 2 hadi 2.5 kwa kilomita 100, ukiweka lita shilingi 3,000, na Mbeya kila EWURA wakitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakuta iko juu ya Dar kwa sababu ya usafiri, hiyo ni 6,000 mpaka 7,500. Ya umeme tuseme inakula uniti 5 kwa umbali huo, nimeweka nyingi kwa ajili ya milima, uniti moja ya luku ukijumlisha kodi inafika kama 356, hiyo haifiki hata 1,800. Tofauti ni kubwa na mwinjilisti anayezunguka mitaa minne kwa wiki ataiona. Halafu haina oili, haina plagi, haina kabureta. Lakini betri ni sehemu kubwa ya bei ya pikipiki nzima na inachoka kadiri miaka inavyokwenda, siku ikifa hautaiona hela ya kununua nyingine kwenye kapu la sadaka la Jumapili moja. Fundi wa petroli yuko kila kijiwe, wa kontrola na mota ya umeme sijui kama Uyole nzima utawapata wangapi. Baridi nayo, betri kwenye baridi inatoa nguvu pungufu, na mtu wa Makete anayeamka Juni akakuta barafu kwenye majani anajua ninachosema. Kuna faida moja ya milima watu hawaisemi, ukishuka mteremko mrefu kama Kitonga mota inaweza kugeuka kuwa jenereta ikarudisha chaji kidogo kwenye betri huku inakusaidia breki, ila sio kila pikipiki ya bei ya chini imewekewa hicho kitu, inabidi kuuliza kabla.

Sasa kuhusu moshi wenyewe. Ni kweli kutengeneza betri kunatoa hewa ukaa nyingi kuliko kutengeneza injini, wapingaji wanalisema hilo na wako sawa. Lakini deni hilo chombo kinalilipa kinapotembea, kwa sababu kwenye injini ya petroli sehemu kubwa ya mafuta inaishia kuwa joto tu, na kinalilipa haraka zaidi kama umeme wenyewe haujatoka kwenye makaa ya mawe. Sisi umeme wetu ni maji na gesi, na tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha Februari 2024 maji yamechukua nafasi kubwa zaidi, lile bwawa limejengwa kwa megawati 2,115.

Nimesema maji. Hapa ndo nataka tukae.

Umeme utakaoingia kwenye hiyo pikipiki ya mwinjilisti unaanzia wapi? Mtera na Kidatu yanalishwa na Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unakusanya maji yake Usangu, kwenye bonde la Ihefu, yaani Mbarali, mkoa wetu. Bwawa la Nyerere maji yake mengi yanatoka Kilombero, lakini hata Kilombero inapokea Ruhudji ambao unatoka Njombe. Kwaiyo sisi watu wa milima huku ndo tumekaa kwenye tenki. Na tenki linavuja kwa mikono yetu. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu miaka ya 1990 mwanzoni kiangazi kikifika unakatika kabisa kule Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Mifereji ya mpunga, mifugo mingi kupita kiasi, milingoti, yaani mikaratusi, iliyopandwa juu ya chemchemi, vinyungu, zile bustani za mabondeni, vinavyolimwa mpaka kwenye ukingo wa mto wakati sheria ya mazingira ya 2004 inasema uache mita 60. Hayo hayakufanywa na mzungu wala na gari la petroli. Mwishoni mwa 2023 tulipokuwa kwenye mgao wa umeme ukame ulikuwa sehemu ya sababu, na siku hizo pikipiki ya umeme ingekaa ndani kama meza.

Ezekieli 34:18 inaniumiza nikiisoma nikiwa nafikiria Usangu. Mungu anawauliza kondoo walionona, haikuwatosha kula malisho mazuri mpaka mkanyage yaliyobaki, haikuwatosha kunywa maji safi mpaka mchafue yaliyobaki kwa miguu yenu? Aliye juu ya mto amekunywa, aliye chini anakunywa tope. Ni mstari wa nabii wa zamani lakini mtu wa Mbarali na mtu wa Pawaga kule Iringa wanauelewa bila mahubiri.

Na nisiwaonee wakulima. Watu wa Mbarali wamebeba mzigo mzito wa kutunza hayo maji, tangu tangazo la serikali la 2008 la kupanua Hifadhi ya Ruaha kuna vijiji vimeishi kwenye mgogoro wa mipaka miaka na miaka, mtu hajui kama shamba la baba yake ni lake. Kama kanisa litasimama kusema tutunze Ihefu ili taa ziwake mjini na pikipiki zichajiwe, lazima lisimame pia kuuliza aliyeondolewa anaishi wapi na anakula nini. Ukiacha hilo unakuwa umetunza bustani kwa kumfukuza jirani.

Jirani huyo huyo yupo barabarani pia. Barabara ya Tunduma inapita mbele ya makanisa yetu mengi, na kwenye ile foleni ya malori yanayotoka Kongo kwenda bandarini kuna yanayobeba shaba na kobalti, madini yanayowekwa kwenye betri nyingi za magari ya umeme. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu ya hiyo imechimbwa kwa mikono, na watoto wamekutwa mashimoni, hilo limeandikwa na limethibitishwa. Wanaopinga magari ya umeme wanapenda kulitaja, na wanaoyapenda wanapenda kulipita. Ukweli una pande mbili, betri nyingi za pikipiki na bajaji siku hizi ni za aina ya chuma na fosfati ambazo hazina kobalti kabisa, kwaiyo usharika unaweza kuchagua. Tena hapo Songwe kwa jirani zetu kuna Ngualla, mradi wa madini adimu yanayotengeneza sumaku za mota za magari haya, leseni yake kubwa ilitolewa 2023. Leo tunaongea kama wanunuzi, kesho vijana wetu watakuwa wachimbaji, na maswali tunayouliza kuhusu migodi ya Kolwezi kule Kongo itabidi tuyaulize nyumbani.

Kuhusu "ajenda ya wazungu" nitasema kifupi. Afrika yote inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, mzee ana haki ya kuona uonevu tunapohubiriwa na waliochoma zaidi. Lakini Aprili 2024 matope ya Mlima Kawetele yalipofunika nyumba za watu Itezi, hapa Mbeya, hayakuuliza nani alichoma. Siwezi kusema yale yalisababishwa na tabianchi peke yake, mlima ule umekatwa miti na kulimwa, ila mvua kubwa kupita kawaida juu ya mlima mtupu ndo inaleta kitu kile, na mlima mtupu ni kazi yetu.

Kwaiyo mimi nitapeleka nini kwenye kikao. Tununue moja ya umeme, sio mbili, ipewe mwinjilisti wa mitaa ya karibu na mjini ambako umeme ni wa uhakika na umbali ni mfupi, ya pili ibaki ya petroli kwa yule anayepanda kule juu ambako hata nguzo hazijafika. Betri iwe ya chuma na fosfati. Ile hela ya petroli tutakayookoa, na hili ndo nitalisisitiza mpaka wanichoke, isirudi kwenye matumizi ya kawaida, iende kwenye kung'oa milingoti iliyoko kwenye chemchemi ya shamba la usharika na kupanda miti ya asili, maana shamba la kanisa lenyewe liko ndani ya zile mita 60 na kila mtu anajua. Dada wa vijana nimeshaongea naye, amekubali, ila amehuzunika kidogo kwamba sio zote mbili.

Mzee nilimfuata kwake Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akasema ile chemchemi alikuwa anachota akiwa mtoto na wakati huo haikuwahi kukauka hata Oktoba. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria, hiyo betri ikifa inazikwa wapi. Nikamwambia nijuavyo haitakiwi kutupwa wala kuchomwa, na muuzaji anaweza kuwekewa sharti la kuichukua. Akasema basi hilo sharti liandikwe kwenye mkataba kabla hela ya watu haijatoka, na yeye mwenyewe atalisoma.