Nimeizika maktaba yangu, na sijutii

Wiki iliyopita, nikiwa kibarazani kwangu hapa Chumbageni, Tanga, nilifunga maktaba niliyoitunza karibu miaka mitatu. Siyo ya vitabu. Ni fungu la msimbo, yaani maandishi ya programu, ambalo programu nyingine huliita lifanye kazi yake, na kazi ya hii ilikuwa kuchapa risiti kwenye zile printa ndogo za karatasi ya milimita 58, ambazo mstari mmoja hubeba herufi 32 tu. Sikuianzisha mimi. Niliinakili kwa mwenyewe, nikaiendesha kivyangu kwa jina jipya, na sasa nimemrudishia.

Vijana wa fani hukiita kitendo hicho kufoki. Neno limekaa vizuri, maana wengi hufoki baada ya kufoka. Mimi nilifoka haswa. Nina mteja dalali wa samaki pale Deep Sea, na maktaba ile ilikuwa na chaguo la saa za Kiswahili ambalo mtu aliliweka kwa njia ya mkato: chukua saa ya kompyuta, toa sita. Saba inakuwa moja, sawa. Lakini alfajiri moja mama mmoja mnunuzi alimnyooshea dalali risiti yake: "Mwanangu, saa sifuri asubuhi ndiyo saa ngapi?" Sita toa sita. Dawa yake ni mstari mmoja: ongeza tano, gawa kwa 12, chukua baki, ongeza moja. Sita inatoa 12, saba inatoa 1, na ile sifuri ya usiku wa manane inatoa 6 kama inavyotakiwa.

Nilimtumia mtunzaji mstari huo. Miezi minane, kimya. Nikachukua vyangu nikaondoka.

Sioni aibu kwa kuondoka. Leseni iliruhusu, na mteja alikuwa anachekwa mnadani. Ila hakuna aliyeniambia gharama ya kukaa nje. Mwenyewe alirudi kazini (alikuwa anauguza, nilikuja kujua baadaye), akapanga upya mafaili yote, na kuanzia hapo kila toleo lake jipya nililazimika kulihamishia kwangu kwa mkono. Kasoro moja tukawa tunaitengeneza watu wawili, kila mtu kwake, usiku.

Watu hudhani kurudi ni amri moja tu ya Git. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, ni hodari wa kuunganisha mistari, na pale mistari inapogongana inakuachia wewe uamue. Mimi kwa haraka zangu nilimpelekea mwenye mradi kila kitu kwa mpigo, mistari zaidi ya elfu nne. Alinijibu kwa adabu kwamba mzigo huo hawezi kuusoma. Nilinuna siku mbili. Kisha nikajiuliza: je, mimi ningeusoma? Nikaanza upya, kipande kimoja kimoja, kila kasoro na jaribio lake la kuithibitisha, yale yasiyo na ubishi yakitangulia. Ilichukua wiki saba, na nusu ya niliyodhani ni uvumbuzi wangu nikakuta keshayafanya, tena vizuri kuliko mimi.

Mahali palipotaka kunishinda ni kwenye leseni. Kijana mmoja wa Makorora aliwahi kunichangia sehemu ya kuchapa misimbo ya mistari (barcode, ile michirizi ya bidhaa), nami niliipokea kwa mikono miwili bila kuuliza ilikotoka. Kumbe aliitoa kwenye mradi wa leseni ya GPL, inayotaka kinachotokana na msimbo wake kikisambazwa kibaki chini ya GPL, na mradi wetu wa asili uko chini ya MIT, leseni inayoruhusu karibu kila kitu. Hiyo ni njia ya kwenda bila kurudi: msimbo wa MIT unaingia kwenye mradi wa GPL, lakini wa GPL hauwezi kwenda upande wa pili ukageuka MIT. LibreOffice na OpenOffice, programu mbili za kazi za ofisi zenye asili moja, wanaijua hadithi hii; LibreOffice anaweza kuchota kwa mwenzake, mwenzake hawezi kuchota kwake. Nikaketi na yule kijana tukaiandika upya sehemu ile kuanzia mwanzo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo rafiki zangu wananibishia. Wanasema nimejishusha kwa kuliacha jina langu. Mimi nasema jina ndilo la kuachia kwanza, kwa sharti kwamba sababu iliyowatenganisha imetibiwa. Tazama GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Mwaka 1997 watu waliochoshwa na mwendo wake wa pole walijitenga wakaunda EGCS. Mwaka 1999 msimbo wa EGCS ndio uliofanywa GCC rasmi, na kamati yao ikashika usukani. Jina lilibaki la zamani, mikono ikawa mipya. Node.js nayo, ile ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari: io.js walijitenga mwishoni mwa 2014 kwa sababu ya namna mradi ulivyoendeshwa, na Septemba 2015 wakatoa pamoja toleo la 4.0. Toleo liliruka kutoka 0.12 hadi 4 kwa kuwa io.js walikuwa wameshafika 3. Hata OpenWrt, ile programu ya ruta, iliungana na LEDE, waliokuwa wamejitenga nayo, Januari 2018 kwa jina la OpenWrt na kanuni za LEDE.

Ndiyo maana nami sikudai jina. Nilidai ufunguo. Mradi unaomtegemea mtu mmoja utakwama tena siku atakapopata mgonjwa nyumbani, na mwingine kama mimi atafoka tena. Tulijadiliana siku kadhaa, akakubali: sasa wenye ruhusa ya kupokea mabadiliko ni wawili, na ombi likikaa mwezi bila jibu, mmoja wetu analijibu hata kama ni kulikataa.

Alilokataa ni kuzifanya saa za Kiswahili ziwe za kawaida bila kuchaguliwa. Nilibisha kidogo, nikaacha; ana watumiaji wa nchi ambako saa moja ni usiku wa manane umepita. Ghala langu la zamani la msimbo nimelifunga na kuacha maelezo ya njia ya kuhamia. Jana nilimwekea dalali toleo la pamoja. Aliikagua risiti ya saa 12 asubuhi, akaikunja, akaniuliza karatasi za printa nitazileta lini.