Suruali Isikatwe kwa Kiuno cha Fundi

Tulitoka Arusha na programu ya stoo, tukaifunga kwa mteja Moshi, ikagoma kuwaka. Siku nzima tuliusingizia mtandao wake. Kumbe kijana wetu aliyejenga kifurushi alikuwa ameikaza kompyuta yake kwa umask 077, mpangilio unaoamua ruhusa za mafaili mapya, na kila faili likatoka na ruhusa ya mwenye nalo tu. Kwa mteja, huduma iliwashwa na mtumiaji mwingine. Hata faili la mipangilio yake haikuweza kulisoma.

Tangu hapo niko upande wa wanaosema programu isirithi ulinzi wa kompyuta iliyoijenga. Fundi cherehani pale Soko la Kilombero hakati suruali ya mteja kwa kiuno chake yeye. Lakini skripti nyingi za ujenzi, yaani maagizo ya kugeuza msimbo kuwa programu, hukata kwa kiuno cha fundi: hupapasa kompyuta, zikikuta maktaba ya SELinux, ulinzi wa Linux unaoamua programu iguse nini, huiunganisha, zisipoikuta huendelea kimya. Msimbo mmoja unazaa programu mbili zenye namba moja ya toleo.

Ubaya uko kwenye hicho kimya. Mwaka 2024, xz 5.6.0 na 5.6.1, matoleo ya programu ya kubana mafaili, zilipokutwa na mlango wa siri, ilionekana pia nukta moja tu iliyopachikwa kwenye jaribio la CMake, chombo cha ujenzi, linalouliza kama kompyuta ina Landlock, kizimba cha usalama cha Linux. Kwa nukta ile jaribio halikuweza kukompailiwa, jibu likawa "haipo", na ulinzi ukaachwa nje. Kama maelekezo ya ujenzi yangesema Landlock ni lazima, kazi ingekatika na mtu angeuliza kulikoni.

Wasimamizi wa seva hawakubaliani nami kirahisi, na wana sababu. Mwambie mtengeneza programu kwamba ujenzi usitegemee mipangilio ya mashine, kesho utakuta setenforce 0, amri ya kulegeza SELinux, mstari wa kwanza wa skripti, eti "ili ibild". Nimeiona kwa macho yangu. Tena mkasa wa SolarWinds, kampuni ambayo programu yake ilipachikwa msimbo wa wadukuzi, uliofichuka mwaka 2020 ulipitia kwenye mfumo wa kujengea wenyewe, kwa hiyo kuilegeza mashine hiyo ni kukaribisha mwizi. Lakini kuufunga mlango wa karakana hakumaanishi kufuli liuzwe pamoja na suruali.

Kwenye majaribio, hapo nawapa ushindi bila ubishi. Programu inayoandika mahali isipopaswa itapita kwenye mashine legevu, kisha izuiwe siku ya kwanza kwa mteja mwenye SELinux kali. Majaribio yafanyike penye ulinzi mkali kuliko pote.

Sisi tumeandika ruhusa za kila faili ndani ya skripti yenyewe, na maktaba ya SELinux tumeitaja kuwa ya lazima. Sasa ujenzi unakatika kwenye laptopu mbili kati ya nne za ofisini, na wenyewe wananung'unika kwamba zamani mambo yalikuwa yakienda.