Mzigo Ukishalipiwa ni wa Nani?

Mteja ameshalipa. Risiti iko mkononi, mifuko mitatu ya saruji na ndoo ya rangi ya lita 20 viko sakafuni, gari liko hatua thelathini kutoka mlangoni. Watu wawili wanatazamana: mteja anayeona haya kuomba, na mhudumu anayesubiri aombwe. Katika duka kubwa hali hii haitokei, maana mambo yalishapangwa zamani: toroli lile pale, mlango ule kule, karibu tena. Katika duka la watu wawili au watatu hutokea kila siku, na huamuliwa papo hapo kwa kutegemea nani yuko zamu, ameamkaje, na mteja anafananaje. Swali ni hili: je, wahudumu wa duka dogo wamsaidie mteja kuufikisha mzigo garini na kuupakia, au wasimsaidie?

Kisheria jibu ni kavu. Sheria ya Uingereza ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893, ambayo nchi nyingi zilizokuwa chini ya utawala wake ziliifuata, ilisema kwamba pasipo makubaliano mengine bidhaa hukabidhiwa mahali muuzaji anapofanyia biashara yake. Ukishakabidhiwa ni mali yako, na uzito wake nao ni wako. Kwa hiyo muuzaji anayekunja mikono hajavunja sheria yoyote. Ila sijawahi kuona mteja akirudi dukani kwa mapenzi ya kifungu cha sheria.

Wanaosema wahudumu wasaidie wana hoja nzito kuliko ile ya wema peke yake. Mazoea ya mteja kujichukulia na kujibebea mwenyewe ni ya juzi tu. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka huko Memphis, Marekani, ambako wateja walipita wenyewe katikati ya rafu. Kabla ya hapo ulisimama kaunta, ukataja unachotaka, muuzaji akakuletea. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaongeza toroli. Miaka ya 1950 IKEA, kampuni ya samani ya Sweden, ikaanza kuuza meza iliyotenganishwa na miguu yake, ikiwa imelala bapa kwenye boksi, ili mnunuzi aiingize garini na kwenda kuiunga nyumbani. Kila hatua ilihamisha sehemu ya kazi kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, na mnunuzi akakubali kwa sababu bei ilishuka.

Duka dogo haliwezi kushindana kwenye bei hiyo. Halinunui kwa makontena. Silaha iliyobaki mikononi mwake ni mikono yenyewe: mtu anayekujua, anayekuuliza, anayetoka nawe hadi nje. Duka dogo likikunyima msaada na bei yake ikawa juu, umebaki na sababu gani ya kuingia humo? Hapo watetezi wamenishika, na sina pa kutokea.

Tatizo langu linaanzia kwingine. Anayetoa ahadi ya msaada ni mwenye duka. Anayeinama ni mtu mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na hakuna anayeishi ndani ya msemo huo kama bosi aliyekaa kwenye kiti akimwambia kijana wake, “Hebu msaidie mama huyo hapo.” Sauti ni ya ukarimu, lakini mgongo unaoutoa ukarimu huo si wake.

Na mgongo una hesabu zake. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mzigo wa mwanamume mmoja mzima haupaswi kukivuka, na likataka wanawake na vijana wabebe pungufu ya hapo kwa kiasi kikubwa. Tangu wakati huo wataalamu wameshusha. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza unaanza na kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, tena mzigo ukiwa umekumbatiwa karibu na mwili, usawa wa kiuno. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza afya za wafanyakazi, inaanzia kilo 23 pale hali zote zinapokuwa nzuri kabisa.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwenye buti ya gari. Katika kanuni ya NIOSH, mzigo ukiwa umbali wa sentimita 25 kutoka mwilini unaruhusiwa zile kilo 23 zote. Ukiusogeza hadi sentimita 50, ruhusa inakatwa nusu, zinabaki kilo 11 na nusu. Ukigeuza kiwiliwili nyuzi 45 wakati miguu imesimama palepale, inakatwa tena hadi chini ya kilo 10. Na hayo ndiyo mambo ambayo buti inakulazimisha kuyafanya. Ukingo wake unakuzuia kusogea, kwa hiyo unanyoosha mikono, unainama mbele, kisha unajipinda ili mzigo ukae pembeni na kuachia nafasi vingine. Mfuko wa saruji, katika nchi nyingi, ni kilo 50. Hata ule wa kilo 25, ambao baadhi ya nchi zimeuhamia kwa sababu hizihizi za kiuno, bado ni zaidi ya mara mbili ya ruhusa.

Kwa maneno mengine, katika safari nzima kuanzia rafuni hadi barabarani, sehemu mbaya kuliko zote ni ile nusu mita ya mwisho. Hatua thelathini za nje si kitu, toroli linazimaliza. Mjadala wa “wasaidie au wasisaidie” unachanganya mambo mawili yenye hatari tofauti kabisa: kuusogeza mzigo hadi kwenye gari, na kuuingiza ndani ya gari.

Wapinzani nao wana lao, na si uvivu kama wanavyosingiziwa. Duka likiwa na wahudumu wawili, mmoja akitoka nje kwa dakika kumi, kaunta imebaki na mtu mmoja anayepokea fedha, anayejibu simu na anayechunga mlango kwa wakati uleule. Kisha kuna gari lenyewe. Kona ya friji ikikwangua rangi, au bomba likipasua kioo cha nyuma, mteja hatamdai kijana. Atalidai duka, na mahali pengi sheria itamuunga mkono, kwa kuwa mwajiri hubeba uzembe wa mfanyakazi wake akiwa kazini hata kama alichokuwa akikifanya ni hisani. Hapa ndipo penye kichekesho kichungu: duka lililokataa kusaidia liko salama, lililosaidia limejiingiza matatani. Ndiyo maana unakuta maduka yamebandika karatasi ukutani, “Hatupakii mizigo.” Naielewa karatasi hiyo. Siipendi, lakini naielewa.

Keria ya juu ya gari ndiyo mtego mkubwa zaidi. Paa za magari mengi madogo zimetengenezwa kubeba kati ya kilo 50 na 100, na keria yenyewe imo katika hesabu hiyo. Mifuko miwili ya kilo 50 imeshamaliza kila kitu. Mhudumu anayepandisha na kufunga kamba ameshiriki katika uamuzi ambao si wake, kuhusu gari asilolijua, litakalopita barabara asiyoiona. Hapo mimi ni mkali: kamba afunge dereva.

Bakshishi nisiiongelee sana. Inatosha kusema kwamba ikishazoeleka, msaada unahamia kwa wanaotoa, na mwenye duka anapata visingizio vya kutoongeza mshahara.

Linalonikera zaidi ni hilo la mteja anafananaje. Msaada usio na utaratibu haugawanywi kwa haki. Aliyevaa vizuri hukimbiliwa; kijana mwenye misuli huachwa apambane hata kama mgongo wake uliumia mwaka jana na hauonekani kwa nje; mzee anayejikaza huachwa kwa kisingizio cha heshima. Ndani ya duka nako, mzigo humwangukia yuleyule kila siku, kwa kawaida kijana wa kiume aliyeajiriwa mwisho, ambaye hajui kama ana ruhusa ya kusema hapana. Nimewahi kuwa kijana huyo kwa miezi michache, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakuna siku niliyoambiwa kwamba kupakia ni kazi yangu. Hakuna siku ambayo sikupakia.

Kwa hiyo naegemea upande wa kusaidia, kwa sharti ambalo wenye maduka hawalifurahii: iwe kazi, si fadhila. Ikiwa kazi, ina vifaa. Toroli la magurudumu mawili linakuwapo, na linatumika hata kama kijana anaona linamdhalilisha. (Si yeye wa kwanza. Inasimuliwa kwamba Goldman alipoleta toroli lake, wanaume waliogopa kuonekana dhaifu, ikabidi alipe watu wazunguke dukani wakilisukuma hadi wengine wazoee.) Ikiwa kazi, ina mpaka pia: mzigo unafika kwenye gari kwa gharama ya duka, na kwenye buti hunyanyuliwa na watu wawili au haunyanyuliwi. Mteja mwenye nguvu anaweza kuwa huyo wa pili. Asiye na nguvu, au mwenye ulemavu, asiachwe hapo. Baadhi ya nchi zinamtaka mtoa huduma arekebishe utaratibu wake kwa ajili ya mteja mwenye ulemavu, na hata pasipo sheria ya namna hiyo, duka linaweza kumwomba asubiri mhudumu wa pili apate nafasi, au kugawa mzigo katika vifurushi vidogo, au kumpelekea nyumbani kwa malipo yaliyotajwa mapema.

Najua pingamizi: duka la mtu mmoja litampata wapi huyo wa pili? Halitampata. Lakini duka hilo linaweza kuacha kuuza kwa kujifanya kwamba mzigo utaruka wenyewe. Mteja akiwa bado anachagua, kabla fedha haijatoka mfukoni, kuna nafasi ya kumuuliza amekuja na usafiri gani na nani atakuwa naye wakati wa kushusha. Akijibu kwamba yuko peke yake, na nyumbani pia yuko peke yake, basi pengine mifuko mitatu leo ni mingi, na muuzaji aliyemwambia hivyo amelipunguzia duka mauzo ya siku moja tu.