Kumwita mwamuzi si utovu wa adabu

Juni 1, 2025, pale Stavanger, Norwei, Magnus Carlsen, bingwa wa zamani wa dunia wa chesi, alishindwa na Gukesh, bingwa wa dunia wakati huo mwenye miaka 19, katika mchezo aliokuwa ameushika mwenyewe. Akapiga meza ngumi, kete zikaruka. Video ikazunguka dunia nzima na watu wakaanza kuomboleza kwamba heshima ya chesi imekufa. Mimi sikuona msiba wowote. Mtu kapandwa na hasira, kaomba radhi pale pale, yameisha.

Mimi linalonikera ni lile lisilo na kishindo.

Mwaka 1994, kwenye mashindano ya Linares, Hispania, Garry Kasparov, bingwa wa dunia wakati ule, alicheza na Judit Polgar. Judit alikuwa na miaka 17, na cheo cha grandimasta, cha juu kabisa katika chesi, alishakipata tangu 1991. Kasparov alimweka farasi kwenye mraba, akagundua hapo pana hasara, akamnyanyua tena na kumpeleka kwingine. Kamera ilionyesha vidole vilikuwa vimeshaachia, kwa kama robo sekunde hivi. Sheria haina utata: ukishaachia kete mrabani, umecheza. Kasparov alisema hakuhisi kwamba ameiachia, na robo sekunde kweli ni ndogo. Nampa hiyo.

Lakini mtazameni Judit. Hakusema kitu, mchezo ukaendelea, akapoteza. Baadaye alieleza kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kualikwa kwenye mashindano makubwa kiasi kile na hakutaka kuleta zogo na bingwa wa dunia. Tena aliogopa lalamiko likikataliwa ataadhibiwa kwa kukatwa muda, na saa ilikuwa inambana. Msichana anayeweza kukokotoa hatua kumi mbele alikaa akapiga hesabu ya gharama ya kudai haki yake, akaona haimudu.

Hesabu hiyo watoto wetu wanaipiga kila wikiendi. Mtoto wa darasa la sita anapangwa na mtu mzima, anaanza na shikamoo, anapewa mkono, wanacheza. Katikati ya mchezo mzee ananyanyua tembo, anamzungusha hewani, anamrudisha alipotoka na kugusa kete nyingine. "Nilikuwa namweka sawa tu." Mtoto anamtazama, anatazama mlango alikosimama baba yake, kisha anainamisha kichwa na kucheza. Na hapo ndipo mlango unapofungwa, maana kwa sheria za FIDE, shirikisho la chesi duniani, ukishagusa kete yako kwa nia ya kuicheza, huwezi tena kudai kwamba mpinzani alivunja kanuni ya kugusa, ile inayosema kete uliyoigusa ndiyo unayoicheza. Kwa hiyo ule ustaarabu wa "nitasema mchezo ukiisha" haufai kitu.

Halafu tunamsifu: mtoto huyu ana adabu! Adabu gani? Adabu ilikuwa deni la yule mzee. Anayetaka kuweka kete sawa anatangaza kabla ya kugusa, wakati saa yake inatembea. Akitangaza baada ya kukamatwa, huo ni ujanja wa kijiweni.

Wapo watakaosema tukiwafundisha watoto kuita mwamuzi watamwita kila dakika. Labda wachache. Sheria imeshawaona: madai yasiyo na msingi yanahesabiwa kuwa usumbufu kwa mpinzani, sawa na kumwomba sare kila mara, na mwamuzi anaweza kukuadhibu. Asipoadhibu, tatizo ni mwamuzi.

Klabu nyingi zinafundisha kupeana mikono kabla na baada ya mchezo. Vizuri. Ongezeni zoezi moja: mwalimu acheze na mwanafunzi, avunje kanuni makusudi, na mwanafunzi asimamishe saa, anyooshe mkono, aseme kilichotokea kwa sentensi moja bila kupandisha sauti. Mara ya kwanza atacheka kwa aibu. Rudieni mpaka aache kucheka, kisha mbadilishieni mpinzani: mleteeni mzazi, au yule mkubwa wa klabu ambaye kila mtu anamwogopa.