Jina lililohamishwa nyuma: Agrippina katika sarafu za Nero

Dinari ya fedha iliyotolewa Roma mwishoni mwa mwaka 54 ina upana wa milimita 18 hivi, na katika nafasi hiyo finyu Nero, Kaisari mpya wa Roma na kijana wa miaka 16, ametazamana uso kwa uso na mama yake Agrippina, mjane wa Kaisari Claudius. Wapo wanaoisoma sarafu hiyo kama ushahidi kwamba mama ndiye aliyeshika hatamu, na wapo wanaoiona kuwa ni heshima tu iliyokusudiwa kumnufaisha mwanawe.

Wa kwanza wana hoja nzito, kwa kuwa maandishi yanayozizunguka nyuso hizo yanamtaja mama kama Augusta (cheo cha heshima cha wanawake wa nyumba ya Kaisari), mke wa Claudius aliyefanywa mungu na mama wa Nero, ilhali jina la Kaisari mwenyewe limewekwa upande wa nyuma. Wa pili hujibu kwamba huko nyuma kuna shada la majani ya mwaloni ambalo Nero anatunukiwa, ndiyo maana jina lake limeandikwa kwa umbo la Kilatini lenye maana ya "kwa Nero", na kwamba herufi EX S C zilizo ndani ya shada zinataja azimio la Seneti. Isitoshe, Nero alikuwa mwana wa kuasiliwa wa Claudius, na Agrippina, kitukuu wa Augustus, ndiye aliyemuunganisha kwa damu na kaisari wa kwanza.

Hoja ya nasaba ina uzito, lakini naiona inakwama kwenye sarafu ya mwaka 55. Humo nyuso zote mbili zinatazama upande mmoja, ule wa Nero ukiwa mbele, hata wa mama ukabaki ukingo mwembamba wa paji, pua na kidevu. Jina lake nalo limehamishiwa nyuma, juu ya gari linalokokotwa na tembo wanne. Damu ya Augustus haikupungua katika miezi hiyo michache, bali kilichopungua ni nafasi ya Agrippina. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, aliyeandika zaidi ya nusu karne baadaye na bila kuficha uchungu wake dhidi ya wanawake wenye mamlaka, anasema kuwa mwaka huohuo Nero alimwondolea mama yake walinzi na kumtoa katika ikulu, na kwa hili sarafu inamuunga mkono.

Hata hivyo, sarafu haitaji aliyeagiza mabadiliko hayo, wala haithibitishi kwamba Agrippina aliwahi kuamua mambo ya dola. Inaonyesha cheo alichokubaliwa hadharani. Baada ya hapo uso wake ulitoweka katika dhahabu na fedha za Nero zilizotolewa Roma, na mwaka 59 akauawa kwa amri ya mwanawe.